Gesi, joto na ujazo: maswali ninayoulizwa kila siku

Nafundisha tuisheni ya fizikia jioni huku Temeke, kidato cha tatu na cha nne, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya gesi maswali ni yale yale, kwa wanafunzi, kwa wazazi wanaokuja kuwachukua, hadi kwa fundi pancha wa pale kona. Nimeyaweka hapa yote ili mtu asome kwa nafasi yake. Karibu kila kosa ninalosahihisha kwenye mada hii linatoka sehemu mbili tu, ama mtu kasahau kugeuza selsiasi kuwa kelvini, ama hajajiuliza kama kweli presha imebaki ile ile. Hesabu yenyewe ni kuzidisha na kugawanya, mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Kanuni yenyewe inasemaje, kwa Kiswahili cha kawaida?

Chukua gesi ya kiasi fulani, isiongezwe wala isivuje. Iache presha yake isibadilike. Sasa ipashe moto, ujazo wake utapanda kwa uwiano ule ule ambao jotoridi limepanda, likihesabiwa kwa kelvini. Jotoridi likipanda kwa sehemu moja ya kumi na ujazo unapanda sehemu moja ya kumi, likishuka nao unashuka. Kwa maandishi ni V₁/T₁ = V₂/T₂, V ni ujazo, T ni jotoridi kwa kelvini, 1 ni kabla na 2 ni baada. Hii ndo inaitwa kanuni ya Charles. Vitabu vya Kiswahili vinaandika kanieneo, mimi nasema presha kwa sababu ndo neno tunaloongea nalo, usichanganyikiwe ni kitu kimoja.

Mwalimu, nyuzi 20 zikiwa 40 si joto limekuwa mara mbili? Kwa nini nimekoseshwa?

Hili ndo swali la mwaka. Swali lilikuwa hivi, gesi ina ujazo wa sentimita za ujazo 200 ikiwa nyuzi 20, ikipashwa hadi nyuzi 40 kwa presha ile ile ujazo wake ni ngapi. Darasa zima linaandika 400, na wanaandika haraka kabisa maana linaonekana jepesi.

Sasa jiulize, sifuri ya selsiasi ni nini? Ni pale maji yanapoganda. Mtu aliamua tu kuanza kuhesabu hapo kwa sababu maji tunayo wote, lakini gesi haijui habari za maji kuganda, ikiwa nyuzi 0 bado ina joto jingi tu ndani yake na molekyuli zake zinakimbia vilevile. Kwaiyo kusema 40 ni mara mbili ya 20 ni sawa na kupima urefu wa watu wawili kuanzia kiunoni afu useme huyu ni mara mbili ya yule, umeanzia pasipo. Kelvini inaanzia chini kabisa, unyayoni, unaipata kwa kujumlisha 273 kwenye selsiasi. Nyuzi 20 ni kelvini 293, nyuzi 40 ni kelvini 313, na 313 gawanya kwa 293 ni kama 1.07. Ujazo unakuwa 200 mara 313 gawanya kwa 293, yaani karibu 214. Umeongezeka asilimia 7 tu, kutoka 200 kwenda 214, na yule aliyeandika 400 amekosa maksi zote wakati fomula aliijua.

Ukitaka ujazo uwe mara mbili kweli kuanzia joto la kawaida la Dar, tuseme nyuzi 30, hiyo ni kelvini 303, basi unahitaji kelvini 606, ambayo ni nyuzi 333. Ni joto kali kuliko la maji yanayochemka, tena kwa mbali sana. Kitu cha namna hiyo ukikikumbuka, jibu la 400 utalishtukia mwenyewe kabla mwalimu hajalishtukia.

Hiyo 273 imetoka wapi, au tunakariri tu?

Haikaririwi, inaonekana kwenye grafu. Pima ujazo wa gesi kwenye nyuzi 0, 20, 40, 60, 80, chora, utapata mstari ulionyooka unaopanda. Mstari huo kwenye selsiasi haupiti kwenye sifuri. Chukua rula uurefushe kwa nyuma, kushoto, ujazo unapungua unapungua, mpaka mstari unagusa pale ujazo ungekuwa sifuri, na hapo ni karibu nyuzi hasi 273 (kamili ni −273.15). Ukitumia hewa ni hapo, ukitumia haidrojeni ni hapo, ukitumia oksijeni ni hapo hapo. Ndo maana watu walianza kuamini kwamba hapo kuna kitu, kwamba ndo mwisho wa baridi. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin, akapendekeza kipimo cha jotoridi kinachoanzia kwenye mwisho huo wa baridi badala ya kuanzia kwenye maji. Ukihamishia sifuri hapo, mstari ule ule sasa unapita kwenye sifuri, na ndo unapata ruhusa ya kuandika V/T.

Na kwenye mtihani andika 300 K, usiweke kile kiduara cha nyuzi, kelvini haina.

Kwa nini lakini gesi inatanuka? Molekyuli zinavimba?

Hapana, na hili naomba liondoke kabisa vichwani. Molekyuli moja haivimbi. Kinachobadilika ni mwendo na nafasi kati yao. Ukipasha joto zinakimbia kasi zaidi, zinagonga kuta za chombo kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi, kwaiyo presha ya ndani inataka kupanda. Sasa kama ukuta mmoja unaweza kusogea, mfano pistoni, ndani kukizidi nje unasukumwa. Nafasi inakuwa kubwa, molekyuli zinasafiri mbali zaidi kabla ya kugonga, migongano kwa kila sekunde inapungua, mpaka presha ya ndani inalingana tena na ya nje. Ukuta unasimama hapo. Kila mgongano sasa una nguvu zaidi lakini migongano ni michache kwa kila sentimita ya ukuta, presha ile ile, ujazo mkubwa zaidi.

Nitajuaje kama presha haijabadilika?

Angalia kama chombo kinaruhusu gesi kutanuka au kusinyaa kwa uhuru, na nje kuna hewa ya kawaida inayosukuma. Bomba la sindano lenye pistoni inayoteleza, ndiyo. Chupa yenye puto mdomoni, kwa ukaribu ndiyo. Chupa laini ya maji ya plastiki, kiasi. Mtungi wa chuma, hapana. Tairi, karibu hapana. Nitaeleza hayo mawili chini maana ndo watu wanapoyachanganya.

Naweza kuona mwenyewe nyumbani, sina maabara?

Unaweza, na nakuomba ufanye, kusoma tu haitoshi.

Njia ya kwanza haina kazi. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ile laini, ikiwa na hewa ya chumbani, funga kifuniko uikaze vizuri, iweke kwenye friji. Baada ya kama nusu saa fungua mlango uiangalie, mbavu zake zimeingia ndani, upande mmoja umebonyea kama mtu kaikamata. Itoe uiweke mezani usiiguse, afu sikiliza. Inapopata joto inalia ta, ta, mabonyeo yanarudi yenyewe moja moja. Hesabu yake: chumbani nyuzi 32 ni kelvini 305, ndani ya friji nyuzi 5 ni kelvini 278, kwaiyo mililita 500 zinataka kuwa 500 mara 278 gawanya kwa 305, karibu 456. Mililita 44 zimepungua na hamna hata tone la hewa lililotoka. Plastiki inapinga kidogo kubonyea kwaiyo presha ya ndani inashuka kidogo pia, ndo maana nimesema kiasi.

Njia ya pili ni chupa ya soda ya kioo na puto. Vuta puto kwa mikono kwanza lilegee, livalishe mdomoni mwa chupa. Weka chupa kwenye beseni, mimina maji ya uvuguvugu kwanza ili kioo kisipasuke, afu ya moto. Puto lililokuwa limelala linaanza kunyanyuka taratibu, linasimama wima. Halijai kama la besdei, na hapo ndo wanafunzi wanavunjika moyo wakidhani wamekosea. Hujakosea. Chupa ya mililita 350 kutoka nyuzi 32 hadi 75 inatoa nyongeza ya kama mililita 50 tu. Hewa kidogo hiyo inatosha kulisimamisha puto, haitoshi kulijaza. Weka chupa kwenye maji ya barafu uone puto linavyonyonywa kuingia ndani ya mdomo wa chupa.

Njia ya tatu ni bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, duka la dawa wanauza. Vuta hewa hadi alama ya 10, ziba tundu kwa gundi ikauke kabisa, zamisha kwenye maji ya nyuzi 70. Kwa hesabu, kutoka nyuzi 32 za chumbani, inatakiwa ifike karibu 11.2. Mara nyingi itagoma kwa sababu raba ya pistoni inang'ang'ania, izungushe kidogo kwa vidole bila kuivuta wala kuisukuma, utaiona inateleza yenyewe hadi pale inapotaka. Mimi hii ndo naipenda zaidi maana namba unaisoma kwa macho yako.

Tairi la gari likipata moto barabarani, ujazo unaongezeka?

Kidogo sana. Tairi lina nyuzi za kitambaa na waya ndani, likishajaa halina pa kutanukia, kwaiyo kinachopanda ni presha. Hiyo ni kanuni nyingine, presha na jotoridi kwa ujazo ule ule, usiijibu kwa Charles.

Kuna mtego hapa mzuri. Umejaza upepo 30 (kwa kipimo cha psi) asubuhi, tairi likiwa nyuzi 25, ukatoka na barabara ya Morogoro, ukifika Chalinze tairi limefika nyuzi 55. Kelvini 298 zimekuwa 328, ongezeko la asilimia 10. Wengi wanasema basi 30 imekuwa 33. Lakini geji ya fundi inasoma ile iliyozidi presha ya hewa ya nje, na hewa ya nje peke yake ni kama 14.7 kwa kipimo hicho hicho. Presha halisi ilikuwa 44.7, ongeza asilimia 10 inakuwa 49.2, ondoa 14.7, geji inasoma 34.5. Ni kosa lile lile la selsiasi, umeanza kuhesabu kutoka pasipo sifuri ya kweli. Na ndo maana upepo unapimwa tairi likiwa baridi, ukipunguza likiwa la moto kesho asubuhi unaamkia tairi laini.

Na mtungi wa gesi ya kupikia? Nikiuweka juani utatanuka?

Mtungi ni chuma, hautanuki kiasi cha kuonekana. Halafu ndani yake kubwa ni kimiminika, propani na butani zilizogandamizwa mpaka zikawa majimaji, ndo ile unaisikia inacheza ukiutikisa. Juu ya kimiminika kuna mvuke, na presha ya huo mvuke inategemea jotoridi, haitegemei mtungi umebaki nusu au robo. Kwaiyo kanuni ya Charles haihusiki kabisa hapa, kiasi cha gesi chenyewe kinabadilika kwa sababu kimiminika kinageuka mvuke. Mitungi haijazwi hadi juu kwa makusudi, inaachwa nafasi, maana kimiminika kikipata joto kinatanuka na kikikosa pa kwenda kinasukuma chuma kwa nguvu mbaya sana. Wazazi, mtungi usikae juani wala karibu na jiko la mkaa, na ukisikia harufu fungua madirisha, usiguse swichi ya taa.

Chapati ikivimba kwenye kikaango ni hii kanuni?

Nalipenda hili swali, aliuliza binti mmoja ambaye mama yake anauza chapati asubuhi. Sehemu ndogo ni hii kanuni. Hewa iliyonaswa kwenye kunjo za unga ikitoka nyuzi 30 hadi 100 inapanda kutoka kelvini 303 hadi 373, yaani asilimia 23. Ile chapati inayonyanyuka kama mto ni zaidi ya asilimia 23, kila mtu anaiona. Kazi kubwa inafanywa na maji uliyokandia unga. Gramu moja ya maji ni mililita moja tu, ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inachukua karibu lita 1.7. Vitone vichache vya maji ndani ya donge vinatosha kuinyanyua chapati nzima. Ukiitoboa unaona mvuke unatoka, na ikipoa inalala, mvuke umerudi kuwa maji na hewa iliyobaki imesinyaa. Andazi lenyewe lina kaboni dioksaidi ya hamira pia juu ya hayo yote.

Pakiti ya krispi niliyonunua Kariakoo imevimba nilipofika Lushoto, na huko ni baridi. Si kinyume na kanuni?

Lushoto iko juu, zaidi ya mita elfu moja toka usawa wa bahari, na huko presha ya hewa ni ndogo kuliko Dar. Hewa ndani ya pakiti imetanuka kwa sababu nje imelegea. Baridi imejaribu kuisinyaza ila presha imeshinda. Presha imebadilika, Charles peke yake hatoshi.

Charles alikuwa nani?

Jacques Charles, Mfaransa, na alifika kwenye gesi kwa sababu ya maputo. Agosti 1783 alirusha puto la haidrojeni bila mtu ndani kutoka Paris, likaenda kuangukia kijiji cha Gonesse, wanakijiji hawajawahi kuona kitu kama hicho wakalishambulia wakalichana. Tarehe 1 Desemba mwaka huo huo akapanda mwenyewe na mwenzake Nicolas-Louis Robert, watu wa kwanza kuruka kwa puto la haidrojeni. Mtu anayerusha puto lazima ajue gesi itafanya nini jua likiwaka, kwaiyo mnamo 1787 alipima gesi kadhaa akaona zinatanuka sawa. Hakuchapisha. Aliyechapisha ni Joseph Louis Gay-Lussac mwaka 1802, naye akasema wazi kwamba Charles alitangulia, na ndo maana jina lake tunalitaja hadi leo hapa Temeke. Uungwana wa namna hiyo nauheshimu sana. Gay-Lussac alipata kwamba gesi ya ujazo 100 kwenye nyuzi 0 inakuwa 137.5 kwenye nyuzi 100, leo tunajua ni kama 136.6, ona alivyokaribia kwa vifaa vya zama zile. Mwaka 1804 naye akapanda puto kuchukua sampuli za hewa, akavuka mita 7000, juu kuliko kilele cha Kilimanjaro ambacho ni 5895.

Yale maputo makubwa ya watalii Serengeti yanapaaje?

Mdomo wa chini uko wazi, kwaiyo presha ya ndani ni kama ya nje, hapa Charles yuko nyumbani kwake. Moto unapasha hewa, hewa inatanuka, ile iliyozidi inatoka kwa chini, iliyobaki ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 usawa wa bahari ina uzito wa kama kilo 1.2, ikifika nyuzi 100 inabaki kama 0.94. Tofauti ni gramu 260 tu, inaonekana si kitu, ila puto la mita za ujazo 3000 linapata kama kilo 770 za kunyanyua, hapo toa uzito wa kitambaa, kikapu, mitungi, wanaobaki ni abiria. Wanaruka alfajiri, na moja ya sababu ni kwamba hewa ya nje ikiwa baridi tofauti ya uzito inakuwa kubwa.

Upepo wa mchana pale Coco Beach nao unahusika?

Unahusika. Nchi kavu inashika joto haraka kuliko bahari, hewa juu ya mji inatanuka, inakuwa nyepesi, inapanda, na hewa ya baharini iliyo baridi zaidi inaingia kuchukua nafasi. Usiku nchi inapoa haraka na mambo yanageuka.

Ukifika nyuzi −273 gesi inapotea?

Haifiki ikiwa gesi. Oksijeni inakuwa kimiminika kwenye −183, naitrojeni −196, hata heliamu ambayo ni mbishi kuliko zote inashika −269. Ikishakuwa kimiminika kanuni imekwisha kazi. Ule mstari wa grafu tunaurefusha kwa rula tu, gesi yenyewe haiufuati hadi mwisho. Vilevile ukiigandamiza gesi sana, molekyuli zinakaribiana zinaanza kuvutana na majibu yanapotoka kidogo. Kwa hewa ya kawaida ya chumbani huna haja ya kuwaza hayo.

Nipange vipi hesabu ili nisipoteze maksi?

Tufanye moja. Gesi ina ujazo wa sentimita za ujazo 300 kwenye nyuzi 27, ikipashwa hadi nyuzi 127 presha ikiwa ile ile, tafuta ujazo mpya. Kitu cha kwanza kuandika kwenye karatasi, kabla hata ya fomula, ni T₁ = 27 + 273 = 300 K, na T₂ = 127 + 273 = 400 K. Pigia mstari maneno "presha ile ile" kwenye swali, kama hayapo simama kwanza. Afu V₂ = 300 × 400 ÷ 300, jibu 400. Mwisho linganisha, joto limepanda, ujazo umepanda, sawa. Ukipata ujazo umepungua wakati gesi imepashwa moto umegeuza sehemu, rudi juu urekebishe. Na ukipata 1411 ujue umegawanya 127 kwa 27, umeacha kelvini nje ya mlango.